Mate ya Baba

Kengele ya kuanza saa ya wageni iligongwa Jumapili baada ya chakula cha mchana, na kengele ya kutufukuza iligongwa kabla watu hawajamaliza salamu. Katikati ya kengele hizo mbili ndipo nilipokuwa na baba. Siku nyingine zote za juma nilikuwa na habari zake tu, na habari za mgonjwa wa kifua kikuu zamani zile hukuzitamani.

Hospitali ile ilikuwa juu ya Maji ya Chai, upande wa kwenda Momela. Waingereza waliokuwa wakitutawala walisema hewa ya pale ni safi, na ilikuwa safi kweli. Ilikuwa pia na baridi ya kuuma masikio, na wagonjwa walilazwa kwenye baraza zisizo na ukuta wa mbele ili waipate vizuri. Dawa nyingine ya maana haikuwepo. Uji, maziwa, hewa, kulala. Wapo waliorudi makwao wamenenepa, na majirani wakawashangaa. Wengi hawakurudi.

Kati ya wagonjwa na wageni palifungwa kamba ya katani kwenye vigingi vilivyopakwa chokaa. Upande huu benchi letu, upande ule benchi lao. Kamba yenyewe mbuzi angeiruka bila kujisumbua, lakini niliiona ikiwazuia wanaume wazima wasiwashike wake zao mkono. Niliichukia kamba ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote, na nimewachukia wengi. Hadi leo nikiona kamba ya kuanikia nguo imelegea vile, hasira hunipanda, nikaenda kuikaza.

Sasa niseme baba alikuwa nani, maana bila hilo hutaona kwa nini nilihangaika hivi. Baba alikuwa mzee wa kubariki. Kwetu mlimani, mzee anapokubariki haishii kukuwekea mkono kichwani. Anasema maneno yake, na kila anapofika kituo, pale anapovuta pumzi, anakutemea mate kidogo, utosini, kifuani au kwenye viganja ulivyovikinga. Ni manyunyu tu. Mgeni akiona anaweza kudhani unatukanwa. Sisi tuliamini kwamba maneno makavu yanapeperuka, na kwamba mate ndiyo yanayoyagandisha mwilini.

Si kila mzee alitafutwa. Wapo waliokuwa na kisirani, na hao ukiwaona njiani ulijifanya unakwenda kuchota maji. Baba alitafutwa. Walimletea watoto, mitamba, vijana waliotoka jandoni, na mwaka mmoja jirani alimletea baiskeli mpya. Alikuwa Mlutheri, alikaa benchi la mbele, na baada ya ibada watu walimzunguka pale pale uwanjani mwa kanisa, huku mchungaji akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Mama mzazi wa mchungaji naye alikuwa kwenye foleni. Baba alicheka alipombariki, meno yake ya kahawia yote nje, kahawia kama ya kila mtu aliyekunywa maji ya mlima ule tangu utotoni.

Kikohozi kilimwanza msimu wa kuchuma kahawa. Alikohoa mvua zikaja, zikaenda, naye anabariki. Damu ilipotokea ndipo kaka yangu alipompeleka, na hospitali haikumrudisha.

Jumapili ya kwanza tulikwenda ukoo mzima, tumevaa vizuri. Kaka alikuwa na mwanawe aliyekuwa ameanza kutembea. Aliinua kamba, akampitisha mtoto chini yake, na mtoto akaenda moja kwa moja kwa babu yake akainamisha kichwa, maana ndivyo tulivyofundishwa wote tangu kutambaa. Baba hakufikiri. Alimshika mabega, akasema maneno yake, akamtemea utosini.

Nesi wa Kizungu alikuja mbio. Alimnyakua mtoto, akampeleka kwenye beseni la dawa, ile inayonuka hadi machozi yakutoke, akamsugua kichwa na uso kwa brashi. Mtoto alilia mpaka sauti ikakatika. Kaka alitaka kupigana. Dresa wa hospitali, Mchaga wa makamo aliyekuwa akiwatibu wagonjwa na kuwatafsiria, alimshika kaka mkono, kisha akaenda kuchuchumaa mbele ya baba. Alimweleza polepole kwamba ugonjwa wake unakaa kwenye mate. Alimwambia wamo wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, na mtoto mdogo akiwapata hana nguvu ya kuwashinda. Ndiyo sababu kila mgonjwa amepewa kopo lenye kifuniko, na kinachotemwa humo kinachomwa shimoni.

Baba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na wale niliowatemea mwaka huu wote niliokuwa nakohoa?"

Dresa aliangalia chini. Alikuwa mtu mwema, na mtu mwema hajui kudanganya haraka.

Tangu siku ile baba hakutema mahali popote ila ndani ya kopo. Alilibeba kwapani hata akiwa anakwenda msalani, na mkono mmoja ulikaa juu ya kifuniko kana kwamba kuna kitu kingeweza kuruka. Aliishika sheria ya nesi kuliko nesi mwenyewe. Nilimwona akimkemea mgonjwa mwenzake, mtu mzima, kwa kutema majanini. Iliniuma kumwona hivyo. Kitu ambacho watu walikifuata kutoka vijiji vya mbali, sasa alikilinda kama mtu anayelinda mbwa mkali asiume wapita njia.

Mimi niliolewa baba akiwa kule. Baba mdogo ndiye aliyesimama mahali pake siku ya kunitoa nyumbani, na baba mdogo alikuwa amekwisha kunywa. Alisema maneno nusu, akasahau mengine, mdomo umemkauka, mate hakuna. Watu walicheka. Mimi nilicheka pia.

Mume wangu alikuwa Mwarusha, seremala mjini, na tuliishi Themi karibu na mto pamoja na mama yake. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa amekufa. Wa pili aliishi mpaka nikazoea kulitaja jina lake, kisha homa ikamchukua kati ya asubuhi na jioni. Tulipotoka kumzika, mama mkwe alinivua viatu, akaniosha miguu, akaniletea uji. Nilipomaliza kunywa akaniambia alilokuwa nalo.

"Umetoka kwenu mkavu," alisema. "Baba yako amewabariki hata ng'ombe wa watu, wewe hakukubariki. Unadhani watoto watashika wapi?"

Ningependa kusema nilimpuuza. Nilikwenda kwa mchungaji wa mjini, akaniambia niachane na mambo ya kale, nisali. Lakini nilikuwa nimesali. Yule wa pili nilimzika huku nasali. Wadudu wa nesi sikuwahi kuwaona, lakini makaburi mawili nyuma ya migomba niliyaona kila nilipokwenda kukata majani ya ng'ombe. Mimba ya tatu ilipoingia, maji yalikuwa yamenifika shingoni, na mtu wa namna hiyo hachagui kati ya mchungaji na mama mkwe. Anashika kilicho karibu.

Nikaanza kwenda kwa baba kila Jumapili.

Nilitoka Themi alfajiri. Mara mojamoja lori la kahawa lilinichukua mpaka Tengeru, mara nyingi nilitembea, kibuyu cha loshoro mgongoni, kile chakula chetu cha ndizi na maziwa ya mgando ambacho baba alikipenda kuliko nyama. Mwanzoni nilizipoteza Jumapili zangu. Nilifika nimechoka, nakaa kwenye benchi, nauliza maswali ya kijinga. Umelalaje? Umekula? Kifua je? Alijibu, tukatazamana, kengele ikagongwa. Nilirudi njia nzima nikijitukana. Saa yenyewe moja kwa juma, na nimeitumia kuuliza kama amekula.

Baadaye niliamka. Baba hakutaka kuulizwa habari za kifua, maana kifua alikuwa nacho juma zima. Alitaka kazi. Basi nikampelekea kazi. Nilimwaga mahindi kwenye kanga upande wangu wa kamba tukachagua mbegu, yeye akionyesha kwa kidole, mimi nikitenga. "Hilo hapana. Hilo lenye kiuno. Hilo la pembeni, ndiyo." Nilimpelekea ugomvi: ndama wa jirani ameingia kwenye maharage ya kaka, nani anamlipa nani? Alikaa wima, akauliza ua lilikuwa na hali gani, akauliza nani aliyekuwa akichunga, akatoa hukumu, na macho yake yakawa yale ya zamani. Juma lililokosa ugomvi nilitunga. Nimewagombanisha majirani zangu wote wa Themi kwenye benchi lile, na wao hawakujua. Mke wa fundi cherehani nilimfanya mwizi wa kuku mara tatu. Siku nyingine wagonjwa wengine walisogea kusikiliza, na dresa pia, na baba alikuwa baraza la wazee peke yake. Nikiwa njiani kurudi nilikuwa na kitu cha kufikiria mbali na kifo chake.

Lakini kila Jumapili, nilipohisi kengele inakaribia, niliomba nililolifuata.

"Baba, nibariki."

"Mungu akubariki, mama. Akupe mtoto, akupe na maziwa ya kumnyonyesha."

"Kwa mate, Baba."

"Hapana."

"Tone moja tu. Kwenye kiganja. Nitanawa nikifika mtoni."

"Ukinawa litakusaidia nini? Na usiponawa litakufanya nini?"

Hakuna aliyewahi kumshinda baba kwa hoja, nami sikuwa wa kwanza. Jumapili moja nikaleta maziwa kwenye kibuyu kidogo kipya, maana wazee wengine hubariki kwa kuweka maziwa mdomoni na kuyapuliza. Nilidhani nimepata njia. Alikipokea kibuyu kwa mkono wa dresa, akakinusa, akasifu maziwa, akayanywa yote.

"Yangepita kwenye mdomo upi?" akaniuliza.

Nilimpelekea mama mkwe maneno matupu ya baba, neno kwa neno, kama mtu anayerudisha chenji. Alinisikiliza akipepeta mchele. "Maneno hata mimi ninayo," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na hofu kama yangu, alikuwa amewazika wale wawili kwa mikono yake, na kila asubuhi alinitazama tumbo kwanza kabla ya uso.

Tumbo lilipokuwa kubwa nilifika siku moja nikamkuta baba amesinzia kwenye benchi. Kopo lilikuwa kando yake, chini, karibu na kigingi. Dresa alikuwa mbali. Nilipiga magoti na kunyoosha mkono chini ya kamba. Wasomao wakunje uso wakitaka. Aliyezika watoto wawili na kubeba wa tatu anajua ninachosema, na ningekuwa mwepesi kidogo ningelipata.

Baba aliamka. Alilifunika kopo kwa mikono yote miwili na kifua juu yake, na alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekamatwa zizini usiku. Kisha akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku mama alipofariki. Alilia bila sauti kwa sababu sauti ilimletea kikohozi.

"Mama," alisema, "unataka niwamalize wote?"

Nilitaka kumwambia kwamba wanakwisha hata hivyo, kwamba wawili wamekwisha bila mdudu wake hata mmoja. Badala yake nilirudi kwenye benchi langu, nikakaa. Kengele ilipogongwa tulikuwa tungali vile.

Jumapili iliyofuata benchi la wagonjwa lilikuwa limerudishwa nyuma, hatua nyingi kutoka kwenye kamba. Nilimfokea dresa. Akaniambia si nesi aliyeamuru. Baba ndiye aliyeomba.

Kuanzia hapo hata ugomvi wa kutunga ulikuwa mgumu, kwa sababu yeye hakuweza kupaza sauti na mimi niliona haya kupiga kelele mbele ya watu kuhusu kuku wa mke wa fundi cherehani. Tulikaa. Alinyanyua mkono, nikanyanyua mkono. Mahindi nilikuwa nayashika moja moja juu, naye akitikisa kichwa, ndiyo, hapana. Nilikuwa naishiwa na la kufanya. Nilikuwa naogopa tumbo langu mwenyewe.

Mtoto akazaliwa hai. Alikuwa wa kike, mdogo sana, ananyonya kidogo na kulala sana, na kulala kwake kulitutisha. Mama mkwe alikaa na taa akimsikiliza pumzi. Mume wangu alitengeneza kitanda cha mtoto, akakibomoa, akakitengeneza upya. Hakuna aliyemwita mtoto jina.

Kwa desturi zetu sote, za kwao na za kwetu, mzazi hukaa ndani miezi akila na kunona, hatoki. Mtoto alikuwa hajaonyeshwa hata kwa majirani, salamu ikaletwa na mtu wa Maji ya Chai aliyeuza ndizi sokoni: dresa anasema, ukitaka kumwona mzee usisubiri Jumapili nyingi. Nilikaa kitandani nikimtazama mama mkwe. Nilijua atakataa. Alinyanyuka, akachukua blanketi lake mwenyewe, akanifungia mtoto mgongoni.

"Nenda," alisema. "Watu wakiuliza nitawajibu mimi. Mwambie ni mimi ninayemwomba, magoti chini."

Walimtoa baba wakiwa wamembeba kwenye kiti. Sikumtambua kwanza, nilimtambua dresa. Baba alikuwa amebaki mifupa na macho, na kopo lilikuwa mapajani. Dresa alitaka kumweka kwenye benchi la mbali, lakini baba alinyoosha kidole, wakamsogeza karibu na kamba, karibu kuliko alivyowahi kukaa tangu siku ile ya kopo. Nilijua amekubali.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama." Ilikuwa pumzi tu. "Nionyeshe utosi wake."

Nilifungua blanketi, nikamwinamisha mtoto kuelekea kwake. Utosi ulikuwa laini bado, unadunda. Baba aliutazama sana. Nilimpa salamu ya mama mkwe, magoti chini kama nilivyotumwa, na yeye akaitikia kwa kichwa.

Akaanza kubariki. Alisema kwa Kimeru chetu, maneno ambayo sikuwa nimeyasikia kinywani mwake tangu siku ya mtoto wa kaka, na sijui sauti aliitoa wapi. Ukue. Uikanyage ardhi kwa miguu yote miwili. Wakikuita, uitike. Alifika kituoni. Niliona mashavu yake yakiingia ndani, niliona mate yakikusanyika, midomo ikikaza kama inavyokaza kabla ya kutema. Nilimwinua mtoto juu ya kamba.

Akameza.

Nilidhani amepumzika. Aliendelea. Ulale uamke. Uzike wazazi wako, wasikuzike. Midomo ikakaza, koo likapanda na kushuka, akameza. Kila kituo ilikuwa hivyo. Aliisema baraka nzima, hakuruka neno, na kila palipotakiwa mate aliyashusha mwenyewe kwa shida, mishipa ya shingo imemsimama, macho hayatoki utosini pa mtoto.

"Tema, Baba," nilisema. Kisha sikusema tena, nilipiga kelele. Binti anamwamrisha baba yake mbele ya watu. "Tema! Tema tu! Nakuomba, tema!"

Nilikuwa nimekwisha pitisha mguu mmoja juu ya kamba. Nesi alikuwa amesimama barazani, na safari hii hakukimbia. Baba alinyanyua kiganja hewani kati yetu.

"Baki hapo hapo, mama."

Neno la mwisho la baraka lilimshinda nusu kwa kikohozi. Aliinama juu ya kopo, akalifunika kwa mwili wake wote, na mgongo wake ukawa ndio ninaouona. Dresa na mwenzake waliinua kiti. Walipokuwa wakimgeuza alijaribu kutazama nyuma, lakini hawakumwona akijaribu, wakaenda naye. Kengele ilikuwa bado. Wageni wengine walikuwa wakinitazama, wakaacha.

Niliurudisha mguu upande wangu. Nikaweka kiganja utosini pa mwanangu. Palikuwa pakavu.